Kijiji ndani ya mji: ardhi na maneno ya ardhi huko Shenzhen

Katika lugha ya Kichina limeenea neno ambalo kila aisomaye miji ya leo ya nchi hiyo hukutana nalo: chengzhongcun. Neno hilo limeundwa kwa silabi tatu. Cheng ni mji, na hapo kale lilitaja pia ukuta uuzungukao mji. Zhong ni kati au ndani. Cun ni kijiji. Maana yake, basi, ni kijiji kilicho ndani ya mji. Kwa mawazo ya kawaida mambo hayo mawili yapingana, maana mtu hutoka kijijini akaenda mjini. Huko Shenzhen njia iligeuzwa: mji ndio uliotoka ukakiendea kijiji, ukakizunguka pande zote nne, nacho kijiji hakikuhama.

Makala hii yaeleza jinsi ardhi ya Shenzhen ilivyobadilishwa matumizi tangu mwaka 1979, kutoka mpunga hadi viwanda, na kutoka viwanda hadi maduka na ofisi, na jinsi vijiji zaidi ya 300 vilivyobaki kati ya mabadiliko hayo vikawa makao ya watu wengi mno. Shenzhen si mji pekee wa Asia uliogeuza sura yake. Mumbai uligeuza viwanja vya viwanda vya nguo kuwa maduka na nyumba za fahari. Bangkok ulifukia mifereji yake mingi ili kupata barabara. Lakini hapana mahali pengine ambapo mambo yalikwenda kwa kasi hiyo, hata mtu mmoja, katika maisha yake, akaweza kupanda mpunga, kisha kupangisha vyumba, na hatimaye kumiliki hisa za kampuni, yote hayo juu ya ardhi ile ile.

Majina yanayokumbuka maji

Mji huo uko kusini mwa mkoa wa Guangdong, ukitenganishwa na Hong Kong kwa mto mdogo tu. Shen ni -enye kina. Zhen ni mfereji upitishao maji baina ya mashamba ya mpunga, nalo ni neno la watu wa kusini. Hivyo mji wenye mnara wa Ping An, uliokamilika mwaka 2017 na kufikia mita 599, waitwa hadi leo kwa jina la mtaro wa shambani.

Majina mengine nayo yanasema vivyo hivyo. Futian, wilaya iliyo na jumba kuu la serikali ya mji, ni shamba la baraka. Shekou, ilipo bandari, ni kinywa cha nyoka. Shuiwei ni boma la maji. Gangxia ni chini ya kilima. Baishizhou ni kisiwa cha mawe meupe. Yeyote anayetaka kujua ardhi hiyo ilitumiwaje kabla ya saruji aweza kuanza na majina hayo, kwa sababu jina la mahali huchelewa kubadilika kuliko mahali penyewe.

Hata hivyo, hapana budi kujihadhari na jina moja, yaani kijiji cha wavuvi. Vitabu vingi na hotuba nyingi husema kwamba Shenzhen ulikuwa kijiji cha wavuvi kilichoamka asubuhi moja kikawa mji mkubwa. Kijiji cha jina hilo, Yumin, kilikuwapo kweli, na Deng Xiaoping alikizuru mwaka 1984. Lakini kilichokuwapo mwaka 1979 kilikuwa wilaya nzima ya Bao'an, yenye watu wapatao 300,000, gulio la siku nyingi, stesheni ya reli iendayo Hong Kong, mashamba ya mpunga na ya lichi, na wafugaji wa chaza pwani. Hadithi ya kijiji kimoja yapendeza, ila ina kosa zito: yafanya ardhi ionekane tupu. Penye ardhi tupu, aliyenyang'anywa hayupo.

Wenye ardhi wawili

Mnamo 1979 Bao'an iliitwa mji wa Shenzhen, na tarehe 26 Agosti 1980 sehemu yake ya kusini, kilomita za mraba 327.5, ikatangazwa kuwa eneo maalumu la uchumi, pamoja na Zhuhai, Shantou na Xiamen. Wenye mitaji kutoka ng'ambo waliruhusiwa kujenga viwanda humo kwa masharti mepesi. Baina ya eneo hilo na sehemu nyingine ya nchi ulijengwa ua wa seng'enge wenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, na raia wa China mwenyewe alihitaji kibali ili kuuvuka. Ua huo, ulioitwa mpaka wa pili, ulifutwa rasmi mwaka 2018 tu, ijapokuwa eneo maalumu lilikuwa limekwisha kupanuliwa kufikia mji mzima mwaka 2010.

Ili kufahamu yaliyofuata, yafaa kueleza sheria ya ardhi. Katiba ya mwaka 1982 yasema kwamba ardhi ya mijini ni mali ya dola, na ardhi ya vijijini ni mali ya pamoja ya wanakijiji, isipokuwa pale sheria isemapo vingine. Kwa hiyo kuna wenye ardhi wawili, dola na kijiji. Mtu binafsi hamo. Msomaji wa Kongo hatashangaa sana, maana sheria yetu ya mwaka 1973 nayo yafanya ardhi kuwa mali ya dola, na mtu hupewa idhini ya kuitumia. Tofauti ni kwamba huko Uchina kijiji ni mwenye mali kisheria, na mji ukitaka kupanuka lazima kwanza ardhi ya kijiji igeuzwe kuwa ya dola. Kati ya hali hizo mbili ndipo faida yote ilipokaa.

Mwanzoni idhini ya kutumia ardhi ya dola haikuuzwa. Kampuni ilipewa kiwanja kwa amri ya ofisi. Serikali ya Shenzhen, ambayo ilikuwa na ardhi nyingi na fedha chache, ilitazama ng'ambo ya mto. Huko Hong Kong serikali ya kikoloni ilikuwa ikipata fedha nyingi kwa kupiga mnada haki ya kutumia ardhi kwa muda maalumu, bila kuitoa ardhi yenyewe. Tarehe 1 Desemba 1987 Shenzhen ulifanya vivyo hivyo. Kiwanja cha mita za mraba 8,588 kilipigwa mnada mbele ya watu, na kampuni moja ya nyumba ikakipata kwa yuan 5,250,000, kwa muda wa miaka 50. Kitendo hicho kilipingana na Katiba iliyokuwapo, ambayo ilikataza ardhi kuuzwa, kupangishwa au kuhamishwa kwa njia yoyote. Katiba haikushinda. Mnamo Aprili 1988 ilirekebishwa ili haki ya kutumia ardhi iweze kuhamishwa, na mwaka 1990 ikawekwa mipaka ya nchi nzima: miaka 70 kwa makazi, 50 kwa viwanda, 40 kwa biashara.

Ni nadra kuona nyundo moja ya mnada ikibadilisha sheria ya watu zaidi ya bilioni moja. Kuanzia hapo hazina za miji ya Uchina zilijifunza kuishi kwa kuuza muda: kuchukua ardhi ya kijiji kwa fidia ndogo, kuiandika kuwa ya dola, na kuiuza haki yake kwa bei ya mjini.

Nyumba zipeanazo mikono

Serikali ilipochukua ardhi ya vijiji vya Shenzhen, ilichukua mashamba. Nyumba za wanakijiji haikuzichukua, kwa maana kumhamisha mtu nyumbani mwake kulihitaji fidia kubwa na maneno mengi, na kasi ndiyo iliyotakiwa. Kila kijiji kilibaki na uwanja wake wa makazi, na pengine kipande cha kujengea viwanda vyake. Mkulima akajikuta hana shamba, hana kazi ya mjini, lakini ana kiwanja kidogo kati ya mji unaoita vibarua kutoka mikoa yote.

Akafanya lililowezekana. Alijenga. Nyumba ya ghorofa mbili ikawa ya tatu, kisha ya sita, kisha ya nane, na vyumba vya juu vikapangishwa. Kanuni za serikali ziliweka mipaka ya ghorofa, lakini kila tangazo la kukataza lilileta wimbi jipya la ujenzi, kwa kuwa kila mtu alitaka kumaliza kabla amri haijaanza kutekelezwa. Kila mmoja alijenga hadi ukingo wa kiwanja chake. Kwa sababu hiyo nyumba zilikaribiana mno, na wakazi wakazipa jina la woshoulou, yaani nyumba zipeanazo mikono: mtu aliye dirishani aweza kunyosha mkono akamsalimu jirani wa nyumba ya pili. Uchochoro wa chini huitwa yixiantian, mbingu ya uzi mmoja, kwa kuwa aangaliaye juu haoni mbingu ila mstari. Misemo hiyo haikutungwa na wapanga mji. Imetungwa na wale walioanika nguo zao mahali pasipofika jua.

Wapangaji hao ni nani? Ni wafanyakazi wa viwandani, wajenzi, wachuuzi, madereva, na vijana waliotoka vyuoni wakitafuta kazi yao ya kwanza. Wengi wao hawakuwa na hukou ya Shenzhen. Hukou ni daftari la wakazi: huandikwa mahali anapotoka mtu, na ndiyo impayo haki ya shule ya serikali, nyumba ya serikali na matunzo mengine. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilitoa watu 10,360,000 hivi. Ya mwaka 2020 ilitoa 17,560,000. Kati ya hao ni karibu theluthi moja tu waliokuwa wameandikwa katika daftari la mji. Serikali ya mji ina usemi wake mashuhuri unaosema kwamba aliyekwisha fika Shenzhen ni mtu wa Shenzhen. Kwa lugha ni usemi mzuri. Kwa daftari, hapana.

Kwa hiyo vijiji hivyo vilifanya kazi ambayo mji haukutaka kuifanya: kuwalaza wale walioujenga. Makadirio mengi yasema kwamba karibu nusu ya wakazi, au zaidi, walipata chumba katika vijiji hivyo. Anayeviita aibu ya mji hana budi kueleza wafanyakazi hao wangelala wapi.

Mnamo 1992 wanakijiji wa ndani ya eneo maalumu walitangazwa kuwa watu wa mjini, na mwaka 2004 wale wa nje ya eneo hilo nao wakatangazwa vivyo hivyo. Kwa maandishi, tangu wakati huo Shenzhen hauna mkulima wala kijiji. Mabaraza ya vijiji yaligeuka kampuni za hisa, na mzee wa kijiji akawa mwenyekiti wa kampuni. Lakini mahekalu ya ukoo yalibaki, karamu za ukoo zilibaki, na hisa hutolewa kwa wazawa peke yao. Ni tabaka jipya: watu wa mji kwa daftari, ndugu kwa damu, wenye nyumba kwa kazi.

Viwanda vyageuka soko

Si makazi tu yaliyobadilika. Katika miaka ya 1980 sehemu ya Shangbu ilikuwa mtaa wa viwanda vya redio na vyombo vya umeme. Mwaka 1988 lilifunguliwa humo soko la vipuri vya elektroniki, na polepole karakana zikahamia nje, ambako ardhi ilikuwa rahisi. Majengo yale yale ya viwanda yakagawanywa vibanda vidogo vidogo. Mtaa huo ndio uitwao Huaqiangbei, unaojulikana na wafanyabiashara wengi wa Afrika wanaofuata simu. Simu za Tecno na Itel, zinazouzwa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, ni za kampuni yenye makao Shenzhen. Na kobalti ichimbwayo Kolwezi husafishwa kwa wingi Uchina kabla ya kuingia katika betri. Hivyo kutoka shimo la Katanga hadi kibanda cha Huaqiangbei kuna njia moja, ingawa wanaoikanyaga hawajuani.

Ardhi iliyopungua ilitafutwa pia baharini. Makumi ya kilomita za mraba za ghuba zilifukiwa, na sehemu kubwa ya Qianhai, kituo kipya cha mabenki kilichoidhinishwa mwaka 2010, imesimama mahali palipokuwa maji. Ya mikoko ilibaki hifadhi moja ndogo huko Futian, iliyotengwa mwaka 1984.

Mji ujengao kwenda juu huchimba pia kwenda chini, kwa ajili ya misingi na njia za reli, na udongo unaotolewa lazima uwekwe mahali. Jambo hilo halionekani katika picha za minara. Huko Guangming, kaskazini mwa mji, udongo na vifusi vya ujenzi vilimwagwa katika shimo la machimbo ya mawe yaliyoachwa, mzigo juu ya mzigo, bila mifereji ya kutosha ya kutoa maji. Tarehe 20 Desemba 2015 kilima hicho kiliporomoka juu ya viwanda na mabweni ya wafanyakazi. Majengo 33 yalifukiwa au kubomolewa. Watu 73 walikufa na wengine 4 hawakuonekana. Hawakuuawa na mlima, kwa maana hapakuwa na mlima. Walifunikwa na udongo uliotolewa chini ya mji wao wenyewe.

Herufi moja ukutani

Nyumba inayongoja kubomolewa huandikwa herufi moja, mara nyingi kwa rangi nyekundu ndani ya duara: chai, yaani bomoa. (Msomaji wa Kiswahili asidhani ni kinywaji, ijapokuwa jina la kinywaji hicho nalo lina asili Uchina.) Mnamo Mei 2005 majengo ya kijiji cha Yunong, karibu na mpaka wa Hong Kong, yaliangushwa kwa baruti, na magazeti yakauita mlipuko wa kwanza wa Uchina, kana kwamba ni sherehe. Mwaka 2009 mji ulitunga kanuni za kuufanya upya mji, na ubomoaji ukawa biashara yenye taratibu: kampuni hupatana na kampuni ya hisa ya kijiji, na mwenye nyumba hulipwa fedha au nyumba mpya, mara nyingi mita kwa mita. Katika kijiji cha Gangxia, kilichokuwa hatua chache kutoka jumba la serikali, familia nyingi zilitajirika kwa mkupuo mmoja.

Mapatano hayo yalikuwa na pande tatu: dola, kampuni na kijiji. Mpangaji hakuwa upande wowote. Yaliyotokea Baishizhou yaonyesha hayo waziwazi. Huko, katika eneo lisilofikia hata kilomita moja ya mraba, waliishi watu wapatao 150,000, wengi wao wapangaji. Katikati ya mwaka 2019 walianza kupewa ilani za kuhama, wengine kwa majuma machache tu. Chumba kingine kiliweza kupatikana, ingawa kwa bei ya juu zaidi. Shule haikupatikana. Nafasi ya mtoto shuleni hutegemea mahali wazazi wanapopanga. Nyumba ikibomolewa, mkataba wafa, na nafasi yaweza kufa nao. Wazazi walitoka barabarani kudai muda, si nyumba: waachwe mpaka watoto wamalize mwaka wa masomo. Ni dai dogo mno, na udogo wake waonyesha kiasi cha haki waliyojiona kuwa nayo.

Mwaka huo huo wa 2019 serikali ya mji ilitoa mpango mpya ulioamuru zaidi ya nusu ya ardhi ya makazi ya vijiji isibomolewe hadi mwaka 2025, bali itengenezwe tu: mabomba ya maji, nyaya, zimamoto, mifereji. Sababu moja ilikuwa wazi. Mji ulikwisha kuwa ghali hata kwa wahandisi uliowahitaji, na walimu na wauguzi wao pia wakahitaji vyumba. Kabla ya hapo, mwaka 2017, majengo 29 ya kijiji cha Shuiwei yalikuwa yamekarabatiwa kuwa vyumba 504 vya kupangishwa kwa wataalamu vijana kwa msaada wa wilaya. Kazi yenyewe ilifanywa kwa ustadi, na vichochoro havikuvunjwa. Mchuuzi aliyekaa humo hapo awali si mtaalamu, hivyo hakurudi. Nantou nayo, ngome ya kale iliyozingirwa na nyumba za wapangaji, ilipokea maonyesho makubwa ya usanifu wa majengo mwaka 2017, ikapambwa, na kodi zikapanda. Kutobomoa, basi, si sawa na kuwaacha watu wakae.

Baada ya mwaka 2021 bei za nyumba zilianza kushuka, na makampuni makubwa ya ujenzi, mojawapo ikiwa na makao yake Shenzhen wakati huo, yakashindwa kulipa madeni. Miradi kadhaa ilipungua mwendo. Wapangaji wa zamani wa Baishizhou hawakungoja kuona mwisho wake. Wengi walihamia vijiji vingine vilivyo mbali zaidi, kaskazini ya ule uliokuwa mpaka wa pili, ambako asubuhi hupanda treni ya chini ya ardhi kurudi katika mitaa ya kazi. Mstari wa kwanza wa treni hiyo una kituo kati ya maghorofa mapya, na sauti ya behewani hutangaza jina lake kila mara milango inapofunguliwa: Baishizhou, kisiwa cha mawe meupe.